Neno Alilolibeba Mokami

Siku ya kwanza kupanda ngazi za jengo lile la Tarime mjini, Mokami alivaa kitenge chake cha kwendea barazani, kile cha rangi ya damu ya mzee, akafunga kilemba akakikaza, akayapitia tena kichwani maneno yake kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Alijiandaa kama mtu mwenye kesi. Nani kamkosea, lini, mbele ya nani, na yeye anataka nini. Kwao ndivyo mambo yanavyosemwa: unaitwa, mwenzako anaitwa, kila mmoja anatoa lake, wazee wanakaa kimya kidogo, kisha wanatamka. Hakuwahi kusikia kwamba kuna mahali ambapo mtu hupeleka maumivu yake akakaa nayo chumbani na mgeni, wawili tu, bila mlalamikiwa kuwepo.

Nesi Kokushubira wa zahanati ya kijijini kwake ndiye aliyemtuma. Mokami alikuwa amekwenda kule mara nne kwa kichwa na kifua, akapimwa malaria mara nne, na mara zote kipimo kikasema hana kitu. Mara ya mwisho nesi alilifunga daftari lake la matibabu akamuuliza huwa analala saa ngapi. Mokami akasema halali. Kokushubira, Mhaya aliyehamishiwa Nyangoto mwaka wa tatu sasa, hakuandika dawa. Aliandika namba ya simu. Alisema kuna dada mmoja mjini, Salome Ambokile, amesomea saikolojia na amefungua ofisi yake mwenyewe, siyo ya serikali wala ya hospitali. Ni mtu wa kuongea naye. Mokami akauliza kama ndiye yule wa vichaa.

“Mama Nashoni,” nesi akasema, “vichaa huwa hawaendi wenyewe.”

Ndipo Mokami akauliza lile lililokuwa kubwa kwake: huyo Salome ni wa ukoo gani?

“Mnyakyusa wa Mbeya. Huku hana hata shangazi.”

Kwa jibu hilo tu aliichukua ile namba, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Maana Mokami alikuwa na neno ambalo hakuthubutu tena kulisema mbele ya mtu mwenye shangazi.

Mwanawe Nashoni alikufa mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekolea, kwenye duara la wachimbaji wadogo upande wa Kerende. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Shimo lile lilikuwa limekunywa maji siku tatu mfululizo, na kingo zake zilikuwa zimelainika kama ugali uliokosa unga. Lilipobomoka lilimfunika yeye na mwenzake mmoja. Mwenzake alitolewa akiwa hai. Nashoni alitolewa kesho yake mchana, na Mungu aliyempa akawa amemtwaa.

Asubuhi ya siku ile Nashoni hakutaka kwenda. Alikuja jikoni kwa mama yake akakaa kwenye kigoda, akasema kichwa kinamuuma, kisha akasema la kweli: duara lile lilikuwa linatoa sauti. Jana yake alikuwa amesikia udongo ukipukutika mahali ambapo hakuna mtu aliyegusa. Akamwomba mama amwambie baba kwamba leo anapumzika.

Katika nyumba ile, tangu Nashoni atoke jandoni, yeye na baba yake hawakuzungumza ovyo. Ilikuwa heshima, wala si ugomvi. Kijana aliyekwisha kutahiriwa haingii anapolala baba yake, na neno zito la baba kwa mwana hupita kwa mama. Mokami alikuwa amezoea kuyabeba maneno hayo kama anavyobeba ndoo, kwa kwenda na kurudi, na alijua namna ya kuyapunguza makali njiani. Basi akaenda chumbani akamweleza mumewe, Nchagwa, aliyekuwa bado kitandani. Nchagwa hakugeuka. Alisema, “Mwambie kama ni mwanaume aende. Wenzake wanamngoja.”

Mokami akarudi jikoni. Siku ile hakupunguza kitu. Alikuwa na haraka, maji yalikuwa yanachemka, na mbebaji wa neno hulitoa kama lake. Akasema, “Mura, kama wewe ni mwanaume nenda. Wenzako wanakungoja.” Nashoni akainuka, akavaa kandambili, akatoka bila kunywa uji. Hilo ndilo la mwisho alilolisikia kutoka kinywani mwa mama yake.

Wakati wa msiba, wifi yake Efrazia, dada wa Nchagwa, alihamia kwake mwezi mzima. Alimpikia, alimwosha miguu, alilala naye mkeka mmoja. Efrazia ndiye kiongozi wa kikundi cha maombi cha kina mama kanisani, mwanamke mwenye sauti nzuri na mkono mwepesi wa kusaidia, na Mokami alimpenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Siku moja wakipepeta mtama nyuma ya nyumba, moyo ulimzidi. Akasema, “Mimi ndiye niliyemwambia aende. Hakutaka.” Lakini hata hapo, katika uchungu wote ule, hakulitaja jina la Nchagwa. Mke hamwagi maneno ya mumewe mbele ya dada wa mume. Alilichukua lote akajitwika mwenyewe.

Efrazia aliweka ungo chini, akamkumbatia, akasema mbele za Mungu kwamba neno hilo limeishia pale.

Halikuishia pale. Jumatano moja ya mwezi wa nane, katika ibada ya maombi, kanisa likiwa limejaa, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, Efrazia alisimama kuongoza. Aliombea wagonjwa, wasafiri, na ugomvi wa mashamba. Kisha sauti yake ikashuka na machozi yakaja, na akasema, “Baba, mwangalie mama huyu aliyemsukuma mwanawe kaburini kwa mdomo wake mwenyewe. Mwana alikataa, Baba, mama akamlazimisha. Usimhesabie.”

Hakumtaja jina, na hakukuwa na haja. Kijiji kizima kilikuwa na mama mmoja tu wa namna hiyo mwaka ule.

Mokami alifumbua macho. Hakumtazama Efrazia. Alimtazama Nchagwa, upande wa wanaume, safu ya tatu. Alijua kwamba mumewe amesikia, na kwamba kati ya watu wote wale ni wao wawili tu wanaoijua asili ya neno lile. Aliamini kwamba Nchagwa atasimama. Hakuhitaji kusema mengi. Angesema tu, ndugu zangu, maneno yale yalikuwa yangu. Mokami alingoja. Nchagwa aliinamisha kichwa akaweka kiganja usoni kama mtu anayeomba sana, akakaa hivyo mpaka kanisa zima likaitikia amina.

Baada ya siku ile mambo yalibadilika polepole, kwa namna ambayo mtu hawezi kuishtaki. Kisimani wanawake walimpisha achote kwanza, na siyo kwa heshima. Jirani mmoja alimwita binti yake asimpokee Mokami mzigo. Mokami alipomfuata Efrazia kumuuliza kwa nini, wifi alishangaa kweli kweli. “Sikuwaambia watu,” alisema. “Nilimwambia Mungu.” Na Nchagwa hakusema lolote, si siku ile wala siku zilizofuata. Aliendelea kula chakula alichopikiwa.

Kwa hiyo Mokami alipoingia ofisini kwa Salome, juu ya duka la pembejeo, alikuwa na hukumu moja tu aliyoitaka: Efrazia aitwe, aulizwe, anyooshewe kidole kama yeye alivyonyooshewa. La Nchagwa alikuwa amelifungia ndani kabisa.

Chumba chenyewe kilimvunja moyo. Viti viwili, meza ndogo, saa ya ukutani, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na dirisha lenye pazia. Hakukuwa na msalaba wala kitanda cha kupimia. Na Salome alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na nywele fupi, aliyesimama mlangoni akasema, “Shikamoo mama.” Mokami akaitikia marahaba, akijiuliza mtoto huyu ataamua nini kati ya watu wazima.

Bei Salome alikuwa ameitaja kwenye simu kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo hapo hapakuwa na maneno. Alitoa karatasi akaisoma kwa sauti, polepole, bila kumuuliza Mokami kama anajua kusoma. Watakaa dakika hamsini, saa ile pale ukutani itawaonyesha wote wawili. Atauliza mengi siku hii ya kwanza, kuhusu usingizi, chakula, nyumba, msiba. Siku zijazo maswali yatapungua. Mokami anaweza kukataa swali lolote. Anaweza kusema leo inatosha. Anaweza kusema huyu mtu hanifai akatafuta mwingine, na Salome atamsaidia kumtafuta. Haitaisha kwa siku moja, na huenda wiki za kwanza akajisikia vibaya zaidi kabla ya kupata nafuu. Atakayoyasema yatabaki hapa, isipokuwa akitaka kujiua, au kumdhuru mtu, au kuna mtoto anayeumizwa, au mahakama ikiamuru.

Mokami alilisubiri lile la mwisho lipite, akauliza, “Na mume akija kuuliza?”

“Hata mume.”

“Na mchungaji?”

“Hata mchungaji.”

“Na wewe unasali?”

Salome akasema anasali, kwake, na kwamba majina ya watu wanaokuja pale hayaendi kwenye sala zake kwa sauti. Mokami alimtazama sana. Jibu lilikuwa zuri, lakini Efrazia naye alikuwa na majibu mazuri.

Kisha Salome akauliza amwite nani. Swali dogo tu. Mokami alifungua mdomo kusema Mama Nashoni, kama anavyoitwa na dunia nzima, kisha akaliacha. Lilikuwa linamchoma kila siku dukani na kisimani na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema, “Mokami.” Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Tangu aolewe, jina hilo lilikuwa limebaki Nyansurura, kwa mama yake.

Akalitoa shauri lake, wima kitini, kwa mpangilio. Alisema mlalamikiwa ni wifi yangu Efrazia, kosa lake ni hili, nataka aitwe Alhamisi ijayo tuwe naye hapa. Salome alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akasema, kwa upole, kwamba yeye haiti mtu. Hana baraza. Hatamsikia Efrazia, wala hataamua nani mwenye haki.

“Sasa nimekuja kufanya nini?” Mokami akauliza.

Salome akasema wanaweza kuanza na hapo.

Mokami alishuka ngazi akiwa na hasira ya mtu aliyepelekwa nyumba isiyo yake. Alikuwa ameweka matumaini yake yote kwenye kiti kile, na kiti hakikuwa na hukumu. Hata kuaga kwao kulimkera. Salome alikuwa amesema kwamba wakikutana sokoni hatamsalimia mpaka Mokami aanze yeye, ili watu wasiulize wamejuana wapi. Kwa Mokami, mtu anayekupita bila salamu ni yule mwenye kisasi na nyumba yenu.

Lakini usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, alipata usingizi wa kipande. Alhamisi akarudi. Kwa mumewe alisema anafuata dawa za kichwa.

Safari ya pili alikwenda na mtego. Alikuwa ameufikiria wiki nzima akipalilia mihogo. Kama neno linavuja, litavuja. Heri livuje la uongo. Akamwambia Salome, kwa uso mkavu kabisa, kwamba amekusudia kumwacha Nchagwa baada ya mavuno na kurudi kwao Nyansurura, na kwamba kaka zake wako tayari kurudisha ng'ombe wa mahari. Hakukuwa na chembe ya ukweli humo. Hata kaka zake hakuwa ameongea nao tangu mazishi. Lakini alijua kwamba habari ya ng'ombe kurudishwa haiwezi kukaa siku mbili pale Nyangoto bila kufika mashineni, kisimani na kanisani, na itakapofika atajua ilikotoka, kwa sababu duniani ni mtu mmoja tu aliyeambiwa.

Salome hakushtuka. Aliuliza anajisikiaje akisema hivyo. Mokami akasema anajisikia vizuri. Ajabu ni kwamba lilikuwa kweli kidogo, na hilo lilimsumbua njia nzima ya kurudi.

Akangoja. Alikwenda kusaga mahindi mara mbili zaidi ya ilivyohitajika, akakaa kwenye benchi la mashine akitega sikio. Alikaa kanisani karibu na wale wenye midomo. Efrazia alimsalimia kama kawaida, akamuuliza habari za kichwa, akamwambia anamwombea. Mokami alisikia nani amepata mimba, nani ameuza kiwanja karibu na kifusi cha mgodi, nani ameonekana Sirari na mwanaume wa Kenya. La ng'ombe wake hakulisikia. Alhamisi mbili zaidi zikapita. Alizungumza na Salome kuhusu usingizi, kuhusu uji ambao Nashoni hakuunywa, kuhusu mlipuko wa mchana wa ule mgodi mkubwa wa jirani unaotikisa madirisha na kumfanya akimbilie nje. Alilia siku moja, akatumia karatasi tatu, akaona aibu, na Salome hakumwambia nyamaza. Watu wote wa msiba walikuwa wamemwambia nyamaza.

Bado lile neno hakulitoa. Kila akilikaribia aliliona kanisa limeinamisha vichwa.

Mwezi wa kumi na moja, jioni ya Jumanne, Nchagwa alirudi kutoka Tarime amevaa shati lake la Jumapili. Mokami alikuwa anachambua mboga nje ya jiko. Nchagwa hakukaa. Alitoa mfukoni kikadi kidogo akakitupa kwenye ungo, juu ya mboga. Kilikuwa kile kikadi ambacho Salome alimwandikia siku na saa, na Mokami alikuwa amekificha kwenye kitabu chake cha nyimbo.

“Dada yako huyo wa mjini hana adabu,” Nchagwa alisema.

Mokami akamuuliza amefanya nini.

Ikatoka yote, kwa sababu alikuwa na hasira na hasira yake ilikuwa ngeni, ya mtu aliyezoea kupewa. Alikuwa amekwenda pale mchana. Alikuwa amejitambulisha kwa jina la baba yake na la ukoo. Alikuwa amemwambia binti yule kwamba yeye ndiye mume, ndiye aliyetoa ng'ombe, na ana haki ya kujua mkewe anasema nini pale na amemtaja nani. Na yule binti, kasimama mlangoni, akasema hawezi kumwambia hata kama anamfahamu mtu wa jina hilo au hamfahamu.

“Nikamwonyesha kadi. Anaitazama kadi aliyoiandika kwa mkono wake, ananiambia hawezi kusema. Mwanamke wa namna gani huyo?”

Mokami aliendelea kuchambua mboga, lakini vidole vyake vilikuwa haviioni. Kitu kilikuwa kinafunguka ndani yake na kingine kinafungwa, kwa wakati mmoja. Kwa hiyo lilikuwa salama. Lile la uongo na yale ya kweli, yote yalikuwa yamekaa kule juu ya duka la pembejeo, na mtu aliyetoa ng'ombe ameyafuata hadi mlangoni akarudi mikono mitupu. Katika nchi nzima hii kulikuwa na mlango mmoja ambao haukufunguka kwa jina la ukoo.

Na hapohapo akakisikia kile kingine. Amemtaja nani, Nchagwa alikuwa ameuliza. Hakuuliza kama kichwa kimepoa. Hakuuliza kama analala. Miezi mitatu alikuwa amemtazama mkewe akipita katikati ya watu kama mwenye ukoma, akanyamaza. Na siku aliyohisi kwamba huenda jina lake likatajwa mahali, alivaa shati la Jumapili akapanda gari.

“Baba Nashoni,” alisema, “uliogopa nini?”

Nchagwa akasema chakula kichelewe kidogo, anakwenda kuangalia ng'ombe.

Alhamisi Mokami alifika ofisini kabla ya saa. Alipokaa alianza na deni lake: akasema lile la kurudi Nyansurura lilikuwa uongo, alikuwa amemtegea. Alitegemea Salome atakasirika. Salome akauliza kama mtego umenasa kitu. Mokami akasema, “Umenasa mwingine.” Na hapo walicheka wote wawili, cheko fupi, la kwanza kutoka katika kifua kile tangu masika.

Akamweleza jinsi Nchagwa alivyokuja nyumbani. Salome alisikiliza, na hata sasa hakusema kwamba kweli mtu huyo alifika mlangoni kwake. Alisema tu kwamba kama mtu yeyote angefika, angepata jibu lile alilolisoma kwenye karatasi siku ya kwanza. Mokami akakumbuka swali lake na lile jibu. Hata mume.

Ndipo akalisema. Alilisema akitazama dirishani, kwa Kikurya kwanza, kama lilivyotamkwa siku ile, kisha kwa Kiswahili ili Salome aelewe. Alisema lilitoka chumbani, kitandani, kwa mtu aliyegeukia ukuta. Alisema yeye alilibeba tu kutoka chumbani hadi jikoni, hatua kumi na mbili, na siku zote alikuwa anayapunguza maneno njiani isipokuwa siku ile. Alisema alimpa mwanawe kama lake, na mwanawe amekufa akidhani ni la mama. Hapo alishindwa kuendelea. Dakika zilipita, saa ukutani ikizihesabu.

Alipoweza tena, alimgeukia. “Sasa sema. Nina hatia au sina?”

“Mama Mokami,” Salome akasema, “siwezi kukuhukumu, na siwezi kukusafisha. La kusafishwa unajua mwenyewe unalipeleka wapi. Mimi naweza kukaa nalo pamoja na wewe, tulitazame, wiki hii na nyingine.”

Mokami alihisi ile hasira ya siku ya kwanza ikipanda tena. Alikuwa ametoa kila kitu na bado hapakuwa na mtu wa kutamka. Lakini alipotafuta uzito ule mahali ulipozoea kukaa, chini kidogo ya koo, aliukuta umesogea. Haukuwa umetoka. Umesogea tu, kama jiwe ambalo watu wawili wamelisukuma.

Alirudi Nyangoto jua likiwa bado juu. Nchagwa alikuwa uani anakaza waya wa zizi. Aliona kitenge cha damu ya mzee kikikaribia, akaacha kazi.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

Nchagwa aliangusha koleo. Uso wake ulikuwa umezeeka. Kwa mara ya kwanza Mokami aliona kwamba hata huyu alikuwa halali. Kama angesema neno moja la Nashoni hapo, lolote, hata jina tu, Mokami angemwendea. Nchagwa alisema, “Umenisaliti, Mama Nashoni.”

Mokami aliweka kikapu chini. Hakupandisha sauti.

“Siku ile kanisani nilikungoja usimame,” alisema. “Nilikungoja mpaka amina.”

Nchagwa alimtazama, kisha akawatazama ng'ombe, ambao walikuwa wote zizini na hawakuhitaji kuangaliwa. Akaokota koleo, akarudi kwenye waya uleule aliokwisha kuukaza.

Mokami aliingia ndani. Alitoa kikadi kipya kwenye pindo la khanga, kimeandikwa Alhamisi, saa nne. Alikishika kidogo mbele ya kitabu cha nyimbo. Kisha akakiacha juu ya meza, wazi, mahali ambapo kila anayekuja kula angekiona, akaenda kuwasha moto.